Ukiambiwa "Time Them", Ufanye Nini?

Neno la Kiingereza "time" wengi wetu tulilijua darasani kuwa ni wakati. Mwalimu aliandika ubaoni "What time is it?" nasi tukajibu kwa pamoja. Wachache walifundishwa kwamba neno hilohilo ni kitenzi pia, na kwamba siku moja mtu atawaambia kwenye simu, kwa haraka, "Can you time them for me?" akingojea jibu la dakika na sekunde.

Mimi ni mkalimani hapa Uingereza. Kazi yangu ni kukaa kati ya mgonjwa na daktari, au kati ya mwombaji na afisa, mara nyingi kwa simu, na kupeleka maneno huku na kule. Nilichokiona ni kwamba Mswahili wa ughaibuni hapotezwi sana na maneno magumu, kwa sababu maneno magumu huyaulizia. Humpoteza yale madogo ambayo anadhani anayajua tangu darasa la tano: "take", "last", "spend", "allow", na hilo "time". Yote ni vitenzi vya kupima muda, na kila kimoja kinapima kwa namna yake. Kiswahili nacho kina vya kwake, ila havikugawana kazi kwa mipaka ileile.

Nianze na "time", maana ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote.

Chukua mama mwenye mimba ya kwanza. Uchungu umeanza usiku, na mume anapiga simu wodi ya wazazi. Mkunga anamuuliza maswali matatu mfululizo: "How far apart are they? How long does each one last? Have you been timing them?" Kwa Kiswahili anauliza hivi: uchungu unakuja kila baada ya dakika ngapi? Kila ukija, unakaa kwa muda gani kabla ya kuachia? Na je, mmekuwa mkishika saa kuupima?

Mume asiye na mkalimani mara nyingi husikia "how long" tu, akajibu "ten hours", kwa kuwa tangu mkewe aanze kulalamika zimepita saa kumi. Hakusema uongo. Lakini mkunga hakuuliza uchungu umeanza lini. Alitaka namba mbili tofauti, na hakupewa hata moja. Ataendelea kuuliza, mume ataendelea kurudia "ten hours" kwa sauti ya juu zaidi, na yule anayeumia amekaa pembeni anawasikiliza wote wawili.

Namba hizo mbili ni rahisi ukizielewa kabla ya usiku wenyewe. Ya kwanza ni urefu wa uchungu mmoja, tangu unapobana hadi unapoachia. Ndiyo "last". Ya pili ni umbali kati ya uchungu mmoja na unaofuata, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu: umbali hupimwa kutoka mwanzo wa huu hadi mwanzo wa ule. Hauanzi pale maumivu yanapoisha. Tuseme uchungu umeanza saa nne kamili usiku, ukaachia saa nne na dakika moja. Wa pili ukaanza saa nne na dakika tano. Uchungu mmoja umekaa dakika moja, na umbali ni dakika tano. Anayehesabu mapumziko tu atasema dakika nne, na kwa mkunga hizo ni habari mbili tofauti. Wakunga wengi hapa huwaambia wanaozaa kwa mara ya kwanza wapige simu uchungu unapokuja kwa mpangilio, kama mara tatu katika kila dakika kumi. Fuata alichokuambia mkunga wako mwenyewe, maana kila mimba na yake. Na kama chupa imepasuka, au kuna damu, au mtoto amepunguza kucheza tumboni, hapo hakuna cha kupima tena. Simu ipigwe mara moja.

Sasa "to time" maana yake nini hasa? Ni kushika saa na kupima kitu kimechukua au kimekaa muda gani. Kitenzi hiki kinamtaka mtu. Kitu hakiwezi kujipima. Lazima awepo wa kuangalia saa. Kiswahili hatuna neno moja la kazi hiyo, tuna maneno mawili mawili: kupima muda, kushika saa, kuhesabu dakika. Mimi hupendelea kushika saa, kwa sababu linamwambia msikilizaji afanye nini na mkono wake.

Utalikuta neno hili sehemu nyingine zenye uzito uleule. Mtoto au ndugu mwenye kifafa akianguka, ushauri unaotolewa hapa ni "time the seizure". Ukikosa kuelewa, utadhani unaambiwa kitu kuhusu wakati wa kuanguka. Unaambiwa uangalie saa sasa hivi, kwa sababu mtukutiko ukizidi dakika 5 inabidi upige 999. Dakika tano za kumtazama mtu anayetukutika ni kama saa nzima. Bila saa mkononi utaapa zilikuwa kumi, au hofu itakufanya uone zilikuwa mbili. Na wauguzi watakapofika, la kwanza watakalouliza ni "How long did it last?"

Wanafunzi nao huambiwa "time yourself" wanapojiandaa na mitihani. Hapo ni kuweka saa mezani na kuacha kalamu inapolia. Wanaokwenda kufanya IELTS waanze mapema zoezi hilo. Sehemu ya kusikiliza ni kama dakika 30, kusoma dakika 60, kuandika dakika 60, na mazungumzo ni kati ya dakika 11 na 14. Katika kuandika, karatasi yenyewe inakushauri u-"spend" kama dakika 20 kwa kazi ya kwanza na 40 kwa ya pili, na hiyo ya pili ndiyo yenye alama nyingi zaidi. Nimekutana na vijana wenye Kiingereza kizuri kuliko changu waliomaliza kazi ya kwanza kwa madaha, wakakimbizana na ya pili.

Tuje kwa ndugu wawili wanaofanana kwa mbali, "take" na "last".

Ukienda duka la dawa ukanunua parasetamoli, mfamasia anaweza kukuambia kwamba "it can take up to an hour to work" na kwamba nguvu yake "lasts about five hours". Sentensi moja, vitenzi viwili, na ukivichanganya utakunywa dawa vibaya. "Take" hapa ni muda wa kungojea: utameza, na inaweza kupita hadi saa nzima kabla hujaona nafuu. "Last" ni muda wa kubaki: ikishaanza kufanya kazi, nafuu itakaa kama saa tano. Mgonjwa aliyesikia kwamba dawa "inachukua saa tano" atakata tamaa, au ataongeza vidonge viwili baada ya nusu saa kwa kudhani vya mwanzo havina nguvu. Kwa mtu mzima vidonge vya miligramu 500 visizidi vinane katika saa 24, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa nne. Ini halijui kama ulikosea kitenzi.

Mimi huwapa watu kipimo kimoja. Jiulize kama kuna jambo linalongojewa litimie. Kama lipo, kufika, kupona, kuiva, kujibiwa, basi ni "take". Kutoka Leicester hadi London "takes" muda fulani kwa sababu mwisho wake ni kufika. Kama hakuna kinachongojewa, ila kuna hali inayokaa mpaka iishe yenyewe, mvua, maumivu, chaji ya simu, ndoa, basi ni "last". Kwetu cha kwanza ni kuchukua, cha pili ni kudumu au kukaa.

Tatizo letu ni kwamba kuchukua kimekuwa kitenzi mlafi. Mkutano ulichukua saa tatu, safari ilichukua siku mbili, homa ilichukua wiki: vyote vinapita kwa mazungumzo ya kwetu. Ndugu zetu wa Lubumbashi, ambao hutumia kukamata pale ambapo mtu wa Pwani angesema kuchukua, wana mlafi wao pia. Kiingereza hakiruhusu kirahisi hivyo. Ukimwambia daktari "the pain took three days" atabaki anakutazama, akingojea umalizie: siku tatu kufanya nini? Kuanza? Kupungua? Kuhamia mgongoni? Useme "it lasted three days" naye ataandika siku tatu na kuendelea na swali linalofuata.

Kuna mahali vyote viwili vinakubalika, na hapo tofauti ni ya moyo. "The wedding lasted three days" ni habari njema. Watu walikula, wakacheza, wakarudi kesho yake. "The wedding took three days" inasikika kama imesemwa na mwenye nyumba aliyechangia meza na viti na sasa anataka kulala.

"Last" ina maana nyingine ya nyumbani, ile ya kutosha. Muuguzi akikuuliza "How long will your tablets last?" anataka kujua vidonge ulivyobakiwa navyo vitakufikisha lini. Nimewasikia watu wakijibu kwamba hapana, hivi si vya mwisho, kuna vingine kabatini. Wamesikia "last" ile ya mwisho, kama basi la mwisho. Ni maneno mawili yenye mizizi tofauti yaliyokuja kufanana kwa sura tu. "Last" ya mwisho inatokana na "late", la kuchelewa. "Last" ya kudumu ni ya ukoo wa neno la kale la Kiingereza lililokuwa na maana ya kufuata na kutekeleza, na ndugu yake wa karibu ni jina la ule mguu wa mti ambao fundi viatu hushonea kiatu juu yake. Asili ya wote wawili ni alama ya mguu, unyayo. Kitu kinachodumu, basi, ni kile kinachoendelea kufuata nyayo. Haitakusaidia dirishani kwa muuguzi, lakini mimi ilinisaidia kulikumbuka.

Na kwa kuwa tumegusa asili: sisi tunasema dakika, kutoka Kiarabu, nao wanasema "minute", kutoka Kilatini. Yote mawili maana yake ya mwanzo ni kitu chembamba, kidogo. Wasomaji wetu wa Muscat na Dubai wataitambua daqiqa papo hapo. Watu wa lugha mbalimbali kabisa walipoikata saa vipande vidogo walifikiria jambo lilelile.

Sasa kazini. Wengi wetu hapa, wanaume kwa wanawake, tunapita au tumepita katika kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Ni kazi ya saa mkononi. Ziara ni dakika 15, au 30, au 45. Unagusa simu unapoingia na unagusa tena unapotoka, na baada ya hapo unaandika maelezo. Kuandika huko ndiko ninakotaka msomaji aangalie nani anasimama mbele ya kitenzi. Tuseme umekaa kwa bibi mmoja dakika 40 badala ya 30 kwa sababu alikuwa ameanguka bafuni. Ukiandika "I took 40 minutes", Mwingereza anasoma kwamba wewe ndiye uliyekawia. Ukiandika "The visit took 40 minutes because she had fallen", kazi ndiyo iliyohitaji muda huo, na sababu iko wazi. Ukiandika "I spent 40 minutes with her", umempa muda wako, na msimamizi anaona huduma. Ukweli ni mmoja katika sentensi zote tatu, na karatasi yako itasomwa na mtu ambaye hakuwepo bafuni.

Kiswahili kinaijua tofauti hiyo, hatuitumii tu kwa makini. "Nimechukua saa mbili kufika" na "imenichukua saa mbili kufika" si sawa. Ya pili inailaumu barabara.

Kuna "allow", ambacho si kitenzi cha muda hata kidogo mpaka ukikute kwenye barua. "Please allow 10 working days for a reply." Mtu anafungua kamusi, anakuta kuruhusu, anabaki anajiuliza yeye ni nani hata awaruhusu. Barua inakuambia ungoje siku kumi za kazi kabla ya kuanza kuwasumbua. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, wala sikukuu za umma, kwa hiyo kwa kawaida siku kumi ni wiki mbili kamili, na karibu na Krismasi ni zaidi. Aliyeko Oman akumbuke kwamba barua ya Uingereza inahesabu Ijumaa kuwa siku ya kazi, ingawa kwake wiki inapumzika Ijumaa na Jumamosi. Ukikuta "allow two hours for your journey" maana ni tenga saa mbili, usiondoke nyumbani dakika za mwisho.

Kitenzi kingine kinachopima muda bila kujitangaza ni hiki kidogo kabisa, "to be". Afisa wa mpakani anaweza kukuuliza "How long are you here for?" na mwingine, siku nyingine, akakuuliza "How long have you been here?" Kwa sikio la Kiswahili zote ni "uko hapa muda gani?" Lakini ya kwanza inauliza utakaa hadi lini, na ya pili inauliza umekwisha kukaa kwa muda gani. Mfikirie mwanafunzi anayerudi chuoni baada ya likizo nyumbani. Ameishi hapa miaka miwili, na viza yake imebakiza miezi minne. Anaulizwa ile ya kwanza, anajibu "Two years", kwa fahari ya mtu mzoefu. Afisa anaangalia viza ya miezi minne, anamwangalia yeye, anaomba asogee pembeni. Jibu sahihi lilikuwa "until" na jina la mwezi. Nawaambia vijana: ukisikia "for" mwishoni mwa swali, jibu la mbele, ukisikia "have been", jibu la nyuma.

Na kwa wale wa Marekani kuna "overstay", kitenzi ambacho ndani yake kuna saa inayotembea. Ni kukaa kuliko muda uliopewa. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996 iliweka mizani mizito: aliyekaa bila kibali kwa zaidi ya siku 180 mfululizo lakini chini ya mwaka, kisha akaondoka mwenyewe, anaweza kufungiwa mlango kwa miaka 3, aliyefikisha mwaka au zaidi, miaka 10. Barua na wanasheria hutumia hapo neno "accrue", yaani siku hizo hulimbikizwa moja juu ya moja, kama riba. Siku za mtoto aliye chini ya miaka 18 hazilimbikizwi, na kuna hali nyingine zinazotazamwa tofauti, kwa hiyo anayehusika asihesabu peke yake kwa vidole. Amwone mwanasheria wa uhamiaji akiwa na karatasi zake zote.

Hapa lazima niseme neno juu ya saa, kwa sababu vitenzi vyote hivi vinaishia kwenye namba, na namba zetu za saa zina kisa. Sisi tunahesabu saa tangu kukicha, kwa hiyo saa mbili asubuhi kwetu ni "eight o'clock" kwao. Kila mkalimani anajua kutoa au kuongeza sita. Lakini sita hiyo ni ya saa ya ukutani tu, haiguswi kwenye muda. "Tuliondoka saa mbili asubuhi" hubadilika kuwa nane. "Safari ilichukua saa mbili" hubaki mbili. Mwenye kuamua ni kitenzi: kuondoka, kufika, kuanza huelekeza kwenye saa ya ukutani, kuchukua, kukaa, kudumu huelekeza kwenye muda. Katika mahojiano ya mtu anayeomba hifadhi, safari ya saa mbili ikiandikwa kuwa ya saa nane, na mwezi unaofuata mtu huyohuyo akasema mbili, afisa anaona maelezo mawili yanayopingana. Hapo aliyekosea ni mfasiri, na anayetiliwa shaka ni mwombaji. Kwa hiyo ukiwa upande huo wa meza usione haya kusema wazi: muda wa saa mbili, au, saa mbili asubuhi kwa saa za Kiswahili. Na ukiwa na wasiwasi na ulichoandikiwa, useme kabla mahojiano hayajaisha.

Walimu wetu wa sarufi walituchapa kwa kusema "masaa", kwa hoja kwamba saa haina haja ya ma-. Kwa sarufi wako sahihi. Mimi, kwa kazi yangu, namshukuru kimoyomoyo kila anayeniambia "masaa mawili", kwa sababu watu wengi mtaani wanalitumia kwa muda pekee, na hakuna anayesema "nilifika masaa mawili asubuhi". Kosa hilo linafanya kazi ambayo usahihi umeshindwa kuifanya. Nikiandika nafuata sarufi, kama mnavyoona hapa. Nikiwa kwenye simu na wodi, sibishani nalo.

Kuhusu "spend" sina mengi. Ni kutumia, na kama kwetu linakwenda na pesa na muda pia. Ila nikilifasiri kwenda Kiswahili hujikuta na utajiri ambao Kiingereza hakina. Wao watasema "spend the day", "spend the night", "spend the night awake". Sisi tuna kushinda, kulala, kukesha: neno moja moja, kila moja limebeba kipande chake cha siku, na hakuna saa ya ukutani ndani yake. "Nimeshinda kwa shangazi" haihitaji dakika. "Tumekesha na mgonjwa" inakuambia urefu wa usiku na hali ya waliokuwemo. Nilipoulizwa na muuguzi mmoja jinsi ya kuandika kwamba mama fulani alikesha na mtoto wake, nilimpa sentensi ndefu ya Kiingereza, na bado haikufika pale neno letu lilipofika.

Watoto wetu waliokulia huku wanavijua "take" na "last" bila kufundishwa, wanavinyonya shuleni. Wanavyovikosa ni hivyo vyetu. Kijana wa jirani yangu, miaka tisa, alikuwa akiongea kwa simu na bibi yake aliyeko Tanga. Bibi akamuuliza, "Mwanangu, umeshindaje?" Mtoto akajibu kwa huzuni ya kweli, "Hatukushinda, Bibi. Tumefungwa mbili bila."

Bibi alicheka mpaka simu ikakatika. Mama mtu akakaa na mtoto, akamweleza kwamba kuna kushinda mechi na kuna kushinda mchana kutwa mahali, na bibi aliuliza la pili. Jumapili iliyofuata kijana aliikamata simu kabla ya mtu yeyote, akauliza yeye kwanza: "Bibi, leo umeshinda na nani?" Bibi alikuwa ameshinda na kuku wake, na fundi wa bati aliyeahidi kuja asubuhi akafika alasiri.